Umegundua kuna mlango wa nyuma kwenye kompyuta yako? Usianze na kufuta

Wadau, karibu kila mtu anayeniletea laptopu yenye mlango wa nyuma, yaani programu ya siri inayomruhusu mtu wa mbali kuingia kwenye mashine, ananiambia maneno yaleyale, "nilishaifuta ila imerudi". Na ni kweli aliifuta. Ila aliyeipandikiza alijua fika utaifuta, ndo maana akaacha kitu pembeni cha kuirudisha, kwa hiyo usipokipata hicho utafuta mpaka uchoke.

Kompyuta kuwa nzito tu siyo ushahidi, inaweza ikawa diski imechoka. Mimi nashtuka nikikuta antivairasi imezimwa na mwenye mashine hajaizima, taa ya kamera inawaka yenyewe, au kuna akaunti ya mtumiaji mpya ambayo hakuna anayeijua. Ukiona mausi inatembea bila kuguswa, hapo hakuna cha kusubiri, kata intaneti sekunde hiyohiyo.

Kama hali siyo mbaya kiasi hicho, kabla hujakata funga brauza na programu zote, fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandika amri) kama administrator, andika netstat -ano halafu piga picha skrini kwa simu. Itakuletea orodha ya mawasiliano yote na mwisho wa kila mstari kuna namba, hiyo namba unaenda kuitafuta kwenye Task Manager, upande wa Details, unajua ni programu ipi inaongea na nje. Zinazoanza na 127.0.0.1 mara nyingi ni mashine inaongea na yenyewe, zisikutishe. Na usiangalie poti peke yake (ile namba inayokuja baada ya nukta mbili kwenye anwani), virusi wa zamani wa aina hii kina Back Orifice na NetBus wa 1998 walikuwa na poti zao zinazojulikana, 31337 na 12345, lakini wa siku hizi wengi wanapita 443, poti ileile ya tovuti za kawaida. Ukimaliza hapo ndo zima waifai.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kuna laptopu moja niliikuta na kitu kinaitwa svhost.exe, ukisoma harakaharaka unaona ni cha Windows kabisa, lakini cha Windows ni svchost.exe, kina c hapo katikati, na kinakaa ndani ya C:\Windows\System32. Hiki kilikuwa kimejificha AppData\Roaming. Nikikiua kwenye Task Manager kinapotea, baada ya muda mfupi hiki hapa tena. Nikafungua Task Scheduler, sehemu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe, nikakuta kazi imepewa jina la kufanana na apdeti, na inaamsha faili lile kila baada ya dakika chache, halafu nilipoingia kwenye mipangilio ya Microsoft Defender nikakuta folda lile limewekwa kwenye Exclusions, yaani antivairasi imeambiwa isiangalie humo. Ndo maana kila ikiskani inasema mashine safi! Hapo Exclusions watu wengi hawaangalii kabisa, na mimi siku hizi ndo pa kwanza kupafungua.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu, ondoa exclusions usizoziweka wewe, kisha tumia Autoruns, ni programu ya bure ya Microsoft, idaunlodi kwenye kompyuta nyingine ulete kwa flashi. Inaonesha kila kitu kinachowaka pamoja na Windows, ficha vya Microsoft kwenye Options ili orodha ipungue, halafu vile usivyovielewa toa tiki kwanza, usifute, maana ukikosea unarudisha tiki na maisha yanaendelea. Ukishakata vinavyoirudisha ndo unaua na kufuta faili lenyewe, kisha unapiga skani ya Microsoft Defender Offline, hii inarestati mashine na kuskani kabla Windows haijawaka vizuri, inachukua kama dakika 15, na inafaa kwa sababu virusi wenyewe wanakuwa hawajaamka kujificha.

Paswedi zako zote zilizopita kwenye hiyo mashine zihesabu kwamba zimeibwa. Zibadilishe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, anza na imeili, na bonyeza sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote, maana wanaiba hata kuki za brauza, yale mafaili madogo yanayokumbuka kwamba umeshaingia, na kwa hizo wanaingia bila kuulizwa paswedi. Humohumo kwenye imeili angalia kama kuna fowadi usiyoijua inayopeleka barua zako kwa mtu, na kama namba ya kurejesha akaunti bado ni yako. Washa uthibitisho wa hatua mbili.

Na kama mashine hiyo unafanyia mambo ya benki au inabeba mafaili ya wateja, ushauri wangu wa dhati, piga Windows upya. Najua inauma, ila aliyekuwa ndani huwezi kujua alichezea vingapi. Tengeneza flashi ya Windows kwenye kompyuta nyingine iliyo salama, futa patisheni zote (vile vipande vya diski), na kwenye bakapu beba picha na dokumenti tu, acha .exe, .scr na shotikati zote, pamoja na yale makraki na aktiveta ya kutumia programu bila kulipia, maana mara nyingi ndo walikopitia. Na flashi zote zilizowahi kuchomekwa humo ziskani kabla hujazirudisha kwenye mashine mpya.