Gauti inatibiwa siku ambayo mguu hauumi (kwa mkuu aliyeuliza bingwa Arusha/Moshi)

Mkuu umeuliza baba mkwe wako hapo Sakina kidole gumba cha mguu kinavimba usiku, ameshachomwa sindano mara tatu, kinapoa alafu kinarudi, na unataka kujua bingwa wa gauti anapatikana wapi Arusha au Moshi. Nimepitia majibu ya wadau, mmoja kasema mlonge, mwingine kasema mzee kakanyagishwa kitu, basi ngoja nikwambie yaliyonikuta mimi maana huu ugonjwa niko nao toka 2017 na miaka mitatu ya mwanzo niliichezea bure kabisa.

Mi ni dereva wa watalii. Ilinianza nimelala Karatu na wageni, saa tisa usiku nikaamka nahisi kama mtu kanibana kidole na mlango wa gari alafu hataki kuufungua. Mguu wa kushoto, ndo wa klachi sasa. Asubuhi kidole kimevimba ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, kiatu hakiingii, na wageni wana ndege ya kuwahi. Nikavaa ndala nikawa nakanyaga klachi kwa kisigino mpaka Arusha, kwenye ule mteremko wa kushukia Mto wa Mbu machozi yalinitoka kweli, nikavaa miwani ya jua wageni wasione. Kufika mjini nikaingia zahanati moja ya mtaani nikapimwa damu nikaambiwa taifodi imetembea mpaka kwenye viungo (!!), nikachomwa diklofenaki, baada ya wiki nikawa nacheza mpira.

Sasa mtego wa huu ugonjwa uko hapo. Gauti ikishika inapoa yenyewe ndani ya wiki moja au mbili hata usipofanya kitu, kwa hiyo chochote ulichotumia mara ya mwisho ndo kinapewa sifa, iwe sindano, iwe mlonge, iwe maombi. Ndo maana kila mtu ana dawa yake "iliyomponya shemeji yake". Mimi nilikuwa natembea na diklofenaki kwenye dashibodi kama pipi, ikinishika nameza, ikipoa nasahau, mwaka wa kwanza ilinishika mara mbili, wa tatu sijui mara ngapi na ikahamia kwenye kifundo na goti.

Nikuelezee kigereji. Mwili ukivunjavunja vitu vinaitwa purini, vingine vinatoka kwenye chakula ila vingi ni vya mwili wenyewe, inabaki taka inaitwa yuriki asidi na figo ndo zinaitoa kwa mkojo. Wengi wetu shida sio kwamba tunaitengeneza nyingi sana, ni figo zinaitoa taratibu. Ikizidi kama 6.8 kwenye damu (miligramu kwa desilita) haiyeyuki tena vizuri, inaanza kuganda kwenye viungo vijiwe vidogo vyenye ncha kama sindano, na kidole gumba ndo kinapendwa kwa sababu kiko mbali na kina baridi. Hivyo vijiwe vinaweza kukaa hapo kimya miaka, siku askari wa mwili wakivishtukia ndo unaamka saa tisa usiku. Kwa hiyo maumivu yakiisha vijiwe havijaondoka mkuu, vipo palepale vinasubiri Desemba.

Na Desemba naijua vizuri. Tukipanda nyumbani Kibosho ni ndafu, kisusio, mbege toka asubuhi, alafu tarehe 27 mimi nimebebwa mgongoni kupelekwa chooni na mdogo wangu huku watoto wanacheka. Bia na mbege zinachochea sana, maini, figo, utumbo, dagaa, na soda zenye sukari ambazo watu hawazisemagi. Maharage waliyonikataza miaka yote kumbe hayana kesi, maziwa nayo ni mazuri tu. Kutokunywa maji nako, sisi madereva tunabana maji ili tusisimame simame porini. Ila sikiliza, niliacha nyama miezi minne, Kwa Mrombo, pale pa nyama choma Arusha, nikawa napita nimefunga vioo harufu isiingie, na bado ilinishika. Chakula kinashusha hiyo namba kidogo tu, mtu wa 9 hafiki chini ya 6 kwa mchicha.

Mtego wa pili ni kipimo. Kuna hospitali nilienda nikiwa katikati ya maumivu wakapima yuriki asidi ikaja 6.1, dokta akasema iko kawaida hii sio gauti, eksirei nayo safi, nikapewa vitamini. Kumbe wakati kiungo kimewaka namba inaweza kushuka ikaonekana nzuri, unatakiwa urudie wiki mbili tatu baada ya kupoa. Mimi nilirudia mguu ukiwa mzima kabisa ikaja 9.4. Na eksirei mwanzoni mara nyingi haionyeshi kitu.

Sasa swali lako la bingwa. Madaktari waliosomea magonjwa ya viungo kama haya peke yake, hao wa rumatolojia, nchi hii ni wachache sana, ukisema umsubiri huyo mzee atateseka bure. Unayemtaka ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Sio wa mifupa, wa mifupa ni fundi mzuri ila sio gari lake hili. Anza hata pale hospitali ya Mount Meru Arusha, au ukitaka Moshi kuna KCMC ndo hospitali ya rufaa ya kanda, mi nilienda huko kwa sababu dada yangu anakaa Moshi nikapata pa kulala. Kama mzee anatumia bima ulizia mapema habari ya barua ya rufaa msije mkageuzwa getini. Na mpeleke hata kama hajaumwa mwezi mzima, tena hapo ndo vizuri, asije akakwambia nimepona niache.

Utamjua dokta anayeijua gauti kwa maswali yake. Wangu hata mguu hakuanza kuutazama, alisema lete dawa zote unazotumia nyumbani. Nikamwagia mezani, akachukua paketi ya presha akaisoma, akasema hii imo haidroklorothayazaidi, inazuia figo kutoa yuriki asidi. Miaka minne nameza kila asubuhi! Akanibadilishia losatani, akapima kreatinini kuona figo, akanifokea kuhusu diklofenaki maana inaumiza figo na tumbo na kupandisha presha. Kiungo kikiwa kimevimba wanaweza pia kuvuta maji kwa sindano waangalie vijiwe kwa hadubini, hicho ndo kipimo cha uhakika kuliko vyote.

Akanianzishia alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki asidi, miligramu 100, na hapa naomba umwandikie mzee ukutani. Wiki ya tatu ikanishika vibaya kuliko zamani! Mi nilishawahi kupewa hii dawa nyuma, ikanifanyia hivyohivyo, nikaitupa nikasema inaniua. Kumbe vijiwe vikianza kuyeyuka vinaamsha askari, ni kawaida miezi ya mwanzo, ndo maana safari hii alinipa na kolchisini nusu miligramu kila siku kwa miezi sita ya kukinga, bila hiyo ningekimbia tena. Huachi alopurinoli kwa sababu umeshikwa, unaendelea nayo huku unatibu maumivu. Kinachokufanya uiache siku hiyohiyo ni vipele mwilini au vidonda mdomoni, hapo unakimbia hospitali maana kuna watu inawakataa vibaya. Akawa ananipima na kupandisha taratibu mpaka 300, namba ikaja 5.6. Shabaha ni chini ya 6, na mtu akishatoka manundu (vijiwe vikirundikana chini ya ngozi) wanataka chini ya 5. Dozi ya mzee atapangiwa kwa figo zake, usinakili yangu.

Saivi nina mwaka wa nne bila kushikwa, kidonge kila siku, na nyama nakula, mbege naonja. Kitu kimoja tu usichelewe nacho, mzee akivimba kiungo akawa na homa kali na kutetemeka usiseme ni gauti ile ile, inaweza kuwa usaha kwenye kiungo, huyo ni wa hospitali leo leo.

Alafu mkuu hujasema kama ana presha. Kama anayo chungulia kwenye paketi ya dawa yake uandike hapa majina yote mawili matatu yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.