Rupia za Mjerumani hazimo katika vishimo vile

SWALI: Shikamoo Mzee. Nakuandikia kutoka Upareni, wilaya ya Same. Kuna kampuni inataka kupasua barabara kwenye msitu ulio juu ya kijiji chetu ikafuate madini ya boksaiti. Mwezi uliopita walikuja vijana wawili na dada mmoja, wakachimba vishimo kando ya vigingi, wakachekecha udongo, kisha wakafukia. Watu wanasema wanatafuta rupia zilizofukiwa na Wajerumani. Ni kweli? Halafu mwanangu ameokota huko kitu kama bomba la udongo wa kuchomwa, ncha moja imeyeyuka ikawa kama kioo. Naweza kukiuza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikiuze, na hizo rupia zisahau. Wale ni wanaakiolojia kama mimi, wanakagua mabaki ya watu wa kale kabla barabara haijapita. Nimechimba vishimo vya namna hiyo miaka mingi na sijaokota hata senti ya Mjerumani, ingawa kila kijiji nilichofika nilisindikizwa na mtu anayejua zilipo.

Kwa ulivyokieleza, hicho ni kewa, mdomo wa udongo unaopitisha upepo wa mivukuto kuingia tanuruni. Ncha iliyoyeyuka ndiyo iliyokuwa motoni. Kwenu kazi hiyo ilikuwa ya ukoo wa Washana: walikusanya mchanga mweusi wa mitoni, wakauosha, wakauyeyusha kwa makaa. Na watu wameishi milima hiyo tangu zamani sana. Pale Bombo Kaburi, Pare Kusini, mwanaakiolojia Robert Soper alipata vigae vya mtindo wa Kwale, yaani vya vyungu vya wakulima wa mwanzo waliotumia chuma, vya karne ya 3 hivi.

Sasa vishimo. Nyikani tunatembea kwa mstari tukitazama chini, basi. Msituni majani yaliyooza yamefunika kila kitu, utapita juu ya kijiji kizima usijue. Ndiyo maana wanachimba kidogo kila baada ya hatua kadhaa mpaka wafike kwenye udongo mwekundu usioguswa, wanachekecha, wanafukia. Mti ulioangushwa na upepo ni rafiki yetu, maana mizizi imeshatuchimbia bure. Fuko naye hutusaidia.

Lakini chekecheke halitoshi. Mwaka wangu wa kwanza kazini tuliketi kula viazi kwenye kituta kimoja kizuri, kikavu, chenye kivuli. Bibi mmoja akapita na mzigo wa kuni, akasimama, akatutazama. "Wajukuu zangu, mbona mnakula juu ya jaa la wahunzi?" Nikafukua majani kwa kisigino: mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, meusi, mazito, kituta kizima. Asubuhi nilikuwa nimeandika daftarini kwamba hapo hakuna kitu. Kwa hiyo kama wale vijana hawajaketi na wazee wenu, waiteni warudi.

Kuna jingine linalosahaulika. Watu hukagua njia yenyewe tu. Je, moramu itachimbwa wapi? Kambi ya mitambo itakaa wapi? Malori yatageuzia wapi? Nimeona barabara iliyokwepa makaburi vizuri kabisa, kisha shimo la moramu likayameza makaburi mengine ng'ambo ya kijito. Ulizeni hayo sasa, kabla tathmini ya mazingira inayotakiwa na sheria ya 2004 haijapitishwa. Ukaguzi wetu ni nadra kuzuia barabara. Huipinda, na kuhamisha kigingi kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuhamisha buldoza.

Mpungi wenu, ule msitu mtakatifu wa ukoo, nao mtajwe kwa adabu. Wazee waamue wageni wafike wapi, na mdai usichorwe kwenye ramani ya kuonyeshwa kila mtu.

Kuhusu kuuza: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na anayevikuta anatakiwa kutoa taarifa. Ukilitazama tu, kewa halikwambii umri wake. Kinachopimwa mara nyingi ni makaa yaliyobaki ardhini jirani nalo, na makaa hayo hayapo kwenye kabati lako. Anza na afisa utamaduni wa wilaya.

Kabla ya hapo, mwombe mwanao akupeleke mahali penyewe, wala msichimbe. Muulize kama alilikuta limelala ovyo au limekwama udongoni. Kama lilikwama, akuonyeshe ile ncha ya kioo ilielekea wapi. Tanuru liko upande huo.