Mikao kumi na miwili kwa saa moja ni mingi mno

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimemaliza mafunzo ya ualimu wa yoga ya saa 200 hapa Dar es Salaam, na nimeanzisha darasa la yoga ya kupumzika kila Jumapili jioni. Nina wanafunzi wanane, saa moja, mikao kumi na miwili. Wanajigeuzageuza tu, na mama mmoja ameniambia kiuno kimemuuma kuliko alivyokuja. Mito maalumu ni ghali, natumia ya kochi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, dada. Piga hesabu kwanza. Mikao 12 ndani ya dakika 60 ni dakika tano kila mmoja, na humo humo wapange mito, walale, wainuke. Mwili ndio kwanza unaanza kulegea, wewe unauamsha! Mafunzo yetu mengi ya saa 200 yanatuzoesha mikao inayofuatana mbiombio, tukihamia kwenye yoga ya kupumzika tunakuja na haraka ile ile. Weka mitatu ya dakika kumi kumi, kisha savasana, yaani kulala chali kimya, ya dakika 15. Robo saa inayobaki ni ya kupanga na kuinuka, nayo utaiona fupi.

Kiuno sasa. Bila shaka ulimlaza chali juu ya mto, nyayo zikigusana, magoti yamefunguka: supta baddha konasana. Mto wa kochi unabonyea katikati, mgongo unaning'inia. Tumia blanketi zilizokunjwa, zibaki ngumu. Makalio yakae sakafuni, mto uanzie nyuma yake. Kiuno kikivuta, punguza kimo au usogeze mto nyuma kidogo. Paji la uso liwe juu kuliko kidevu. Halafu pitisha kiganja chini ya kila paja: ukikuta uwazi, nyonga bado inafanya kazi. Jaza hapo.

Usiridhike na "niko sawa, mwalimu." Watu wetu wana adabu, atakujibu hivyo huku shingo inamuuma. Uliza kiungo kimoja kimoja: kisogo kikoje? Kiuno je?

Vifaa visikutishe. B.K.S. Iyengar, aliyefundisha yoga kule Pune, India, alitumia viti, kamba na blanketi. Mwanafunzi wake Judith Hanson Lasater ndiye aliyeieneza sana yoga hii Marekani. Nenda kwa fundi wa magodoro akushonee mto wa sufi, sentimita 60 kwa 30 hivi, aushindilie hasa. Uvike foronya ya khanga, inafulika. Khanga nyingine mfunike mwanafunzi, kwani mwili uliotulia hupoa hata kwenye joto letu, na feni ndiyo inamaliza kabisa.

Kabla ya darasa muulize kila mtu faraghani. Mjamzito aliyepita miezi mitano usimlaze chali. Alale ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Mwenye glakoma (presha ya macho), kichwa kisishuke chini ya moyo. Mwenye kiungulia, inua kifua na kichwa chake. Na maumivu yasiyoisha ni ya daktari, cheti chetu hakitibu.

Yule mama mwombe Jumapili ijayo afike robo saa mapema, umpange peke yake. Lakini kabla hajafika, lala wewe mwenyewe juu ya mto huo dakika kumi kamili, simu ukiwa umeiacha chumba kingine.