Mashine pepe ndani ya mashine pepe: uwashe nini, wapi

Wanaoanza kuendesha mashine pepe (kompyuta iliyoundwa kwa programu) ndani ya nyingine hukwama pale pale. Mtu amewasha uwezo huu kwenye kompyuta mwenyeji (ile halisi inayozibeba), lakini mashine pepe yake bado inagoma kuendesha mashine nyingine ndani yake. Basi anarudi kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kuhangaika, wakati huko hakuna tatizo.

Kwenye KVM (mfumo wa mashine pepe ulio ndani ya Linux), mwenyeji hutoa ruhusa tu. Ruhusa hiyo ni kigezo cha nested katika moduli ya kvm_intel au kvm_amd. Fungua /sys/module/kvm_intel/parameters/nested, ukikuta Y au 1, imeshatolewa. Kwa Intel, keneli ya Linux huja nayo imewashwa tangu toleo la 4.20. Kuibadilisha kunataka moduli iondolewe na kupakiwa upya, yaani kila mashine pepe hapo izimwe kwanza. Usijaribu saa za kazi.

Kisha kila mgeni (yaani kila mashine pepe) apewe chake: prosesa anayoiona iwe na alama ya uwezo huu, vmx (Intel) au svm (AMD). Ingia ndani yake, uandike grep -cE 'vmx|svm' /proc/cpuinfo. Ukijibiwa 0, hajapewa.

Mimi huogopa zaidi kinyume chake. Wengi wanaotumia libvirt (programu ya kusimamia mashine pepe) huweka host-passthrough (mgeni aione prosesa ya mwenyeji ilivyo) kwa kila mashine ili kupata kasi. Ruhusa ya mwenyeji ikiwepo, wageni wote hao wanapata vmx bila mtu yeyote kuamua. Si jambo dogo: mwaka 2021 ilitangazwa CVE-2021-29657, kasoro katika sehemu hii hii ya KVM upande wa AMD, iliyomwezesha mgeni kupenya hadi kwa mwenyeji. Kwa hiyo mashine isiyohitaji inyime waziwazi kwenye XML yake (faili la mipangilio yake): <feature policy='disable' name='vmx'/>, au svm kwa AMD.

Kwenye mifumo mingine ya mashine pepe uamuzi uko kwa kila mashine. Hyper-V ya Microsoft hutumia amri ya Set-VMProcessor na kigezo cha ExposeVirtualizationExtensions, mashine ikiwa imezimwa. ESXi 5.0 ya VMware ilikuwa na mipangilio ya vhv.allow ya mwenyeji mzima, ila kuanzia 5.1 ni vhv.enable ya mashine moja moja. Kwa maoni yangu walifanya vizuri.

Na ukishabadilisha XML ya libvirt, kuandika reboot ndani ya mgeni hakutoshi. Izime kabisa mashine, ndipo uiwashe tena, la sivyo itaendelea na prosesa ile ile ya zamani.