Barua kwa Mwanangu: Alama Mbili za Mwaka 1847

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza kama uliunge mkono pendekezo lililo mbele ya seneti ya chuo chenu, kwamba mwanafunzi yeyote, awe wa udaktari, uhandisi au kompyuta, asihitimu kabla ya kufaulu somo la historia. Umezieleza hoja za pande zote mbili kwa uadilifu, kama ulivyokuwa ukifanya tangu utotoni kila ulipogombana na dada yako: wenzako wa sayansi wanalalamika kwamba ratiba imejaa, wa fasihi na historia wanasema msomi asiyejua yaliyopita ni fundi mwenye joho, nawe umekaa katikati ukisubiri mama yako akusukume upande mmoja. Nitajaribu kukujibu, ingawa nahisi kwamba jibu nililo nalo ni la swali jingine.

Mimi nililazimishwa. Habari hii sijawahi kuwasimulia nyote wawili. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliijua, na nilimwomba asiiseme. Katika mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uuguzi na ukunga, somo la historia lilikuwa la lazima kwa vitivo vyote. Tulikaa mamia kwa mamia ukumbini, mhadhiri akitusomea daftari lake kwa sauti isiyopanda wala kushuka, nasi tukinakili. Juma moja lilitengwa kwa historia ya tiba, na ndipo nilipoandika kwa mara ya kwanza jina la Ignaz Semmelweis, mji wa Vienna na mwaka 1847. Mtihani ulipokuja, tuliulizwa ni nani aliyewaagiza madaktari wa wodi ya wazazi kunawa mikono kwa dawa, wapi, na mwaka gani. Nilijibu bila kusita, nikapata alama zote mbili.

Miaka michache baadaye nilikuwa zamu ya usiku katika chumba cha kujifungulia. Daktari wa zamu, mtu wa umri wa baba yangu na mwenye kuheshimiwa na kila mtu, alikuja kuwapima njia akina mama watatu waliokuwa wakisubiri. Alimpima wa kwanza, akageuka na kumwendea wa pili, glovu zikiwa zilezile. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika beseni la maji kwa mikono yote miwili, na kipande cha sabuni kimekaa kwenye ukingo wake. Nakumbuka nilivyoyatazama maji yakicheza ndani ya beseni kwa sababu mikono yangu ilikuwa ikitetemeka. Nilichotakiwa kusema hakikuzidi maneno mawili, “Daktari, maji,” na sikuyasema. Akamwendea wa tatu.

Siku ya pili yule mama wa tatu alipandwa na homa, ile homa ya uzazi ambayo kila mkunga anaijua kwa kuitazama tu sura ya mgonjwa. Alilala siku 11, akamwona mwanawe kupitia dirishani. Alipona, na siku ya kuondoka alinishika mkono akanishukuru kwa kumtunza. Shukrani ile inanichoma hadi leo.

Najua utaniambia, kwa kuwa ndivyo ulivyo, kwamba hakuna awezaye kuthibitisha kuwa homa ile ilitoka katika glovu zile. Ni kweli, nami nimejiambia hivyo kwa miaka mingi bila faraja yoyote. Jambo ninalolijua kwa hakika ni kwamba ule mwaka 1847 ulikuwa kichwani mwangu usiku ule, mzima, tayari kujibiwa, na haukunisaidia kitu.

Basi nilianza kusoma peke yangu, kwa hasira zaidi kuliko kwa kupenda elimu, na nikakuta yote ambayo daftari la mhadhiri liliyaruka. Hospitali ile ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya kufundishia madaktari na nyingine ya kufundishia wakunga, na ile ya madaktari ndiyo iliyoua zaidi, hata wanawake wakapiga magoti wakiomba wasipelekwe huko. (Niruhusu nifurahi hapo kidogo kwa niaba ya wakunga wote.) Madaktari walitoka kupasua maiti, wakaja moja kwa moja kuwapima wajawazito. Mwezi wa Aprili mwaka 1847, katika kila wazazi 100 wa wodi hiyo walikufa zaidi ya 18. Kuanzia katikati ya Mei madaktari wakaanza kunawa kwa maji ya klorini, na mwezi wa Juni waliokufa walikuwa wawili hivi katika kila 100. Pamoja na hayo wakubwa wengi hawakumsadiki Semmelweis, kwa kuwa kumsadiki kulikuwa ni kukiri kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiua. Naye hakuwa mwepesi wa kuandika, kitabu chake kikatoka mwaka 1861, na mwaka 1865 akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa na umri wa miaka 47.

Halafu, nilipokuwa bado najivunia wakunga wangu, nikakutana na habari za daktari Alexander Gordon wa mji wa Aberdeen, Scotland, ambaye tayari mwaka 1795 alikuwa ameandika kwamba homa ile hubebwa na madaktari na wakunga kutoka kwa mzazi hadi kwa mzazi, na akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliwapelekea wengi. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Mtu huyo hata hatukutajiwa.

Sasa unaelewa lilikotoka lile neno langu ambalo dada yako aliliandika kwenye karatasi na kulibandika mlangoni ili kunicheka: kabla hujashika, uliza nani alishika kabla yako. Mlidhani ni neno la usafi. Wewe mwenyewe hukuwa unacheka tena ulipokuja likizo ukanieleza habari za Therac-25, ile mashine ya mionzi iliyowaunguza wagonjwa sita kati ya mwaka 1985 na 1987, baadhi yao wakafa. Ulinifafanulia kwamba sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka katika mashine ya awali, ambayo makosa yaliyokuwamo yalizuiwa na vizuizi vya kimitambo, na kwamba katika mashine mpya vizuizi hivyo viliondolewa kwa kuiamini programu. Ulizungumza kwa uchungu, mwanangu, na ile ilikuwa historia, ingawa nina hakika katika ratiba yenu haiitwi hivyo.

Kwa hiyo ningependa kukuambia kwamba historia ifundishwe ndani ya kila taaluma na wenye taaluma yenyewe, kisha lile somo la jumla liachwe kwa wanaolipenda. Lakini nikifika hapo najikuta najipinga mwenyewe. Nisingelazimishwa, nisingelijua hata hilo jina la kutafutia, na aibu yangu usiku ule ingekosa pa kuanzia. Tena kila taaluma ikiachiwa isimulie historia yake yenyewe, itasimulia ushindi wake. Nani atawaeleza madaktari wanafunzi habari za wodi iliyokimbiwa kwa magoti?

Kisha napinga tena. Umenitajia Texas, ambako sheria inawataka wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma wasome historia ya Marekani ndipo wahitimu. Nami nakutajia Umoja wa Kisovyeti, ambako historia ya chama tawala ilikuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa chuo kikuu, hata wa hisabati, na ilipofika mwaka 1988 serikali ikafuta mitihani ya historia ya wanaomaliza shule, kwa kuwa vitabu vyenyewe havikuaminika tena. Somo likishakuwa la lazima, kila mwenye madaraka atatamani kushika kalamu ya kuuandika mtaala wake. Waulize wenzako wa seneti nani ataandika huu wenu, na atatahini nini, kabla hamjainua mikono.

Unataka nikuambie ndiyo au hapana. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili katika barua hii, kila mara ikiwa na jibu tofauti, na mara zote mbili nimeifuta, ingawa unajua jinsi ninavyoona tabu kunyamaza nikiwa na maoni. Kura ni yako, nami siketi katika seneti yenu.

Karatasi yangu ya mtihani ule bado ninayo, ndani ya bahasha ya vyeti vya baba yenu. Ukija nitakuonyesha. Kando ya swali la Semmelweis mhadhiri ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu, na chini yake ameandika “Vizuri sana.”

Mama yako akupendaye