Kigalicia na Kidenmaki: maswali yenu na majibu

Barua kadhaa zimekuja kutoka kwa wasomaji wanaokwenda kusoma Ulaya, wengine Denmaki, wengine Galicia, ile pembe ya kaskazini magharibi ya Hispania juu ya Ureno. Nimeyachagua maswali yanayojirudia.

Je, lugha hizi mbili zina undugu wowote? (Msomaji, Tanga)

Wa mbali sana. Zote ni za ukoo wa Kihindi-Kiulaya, ila matawi ni tofauti. Kigalicia kimetokana na Kilatini, sawa na Kireno, Kihispania na Kifaransa. Kidenmaki ni cha tawi la Kigermaniki la kaskazini, pamoja na Kiswidi, Kinorwe na Kiaislandi. Undugu unaonekana katika maneno ya kale: "mbili" ni *dous* na *to*, "jina" ni *nome* na *navn*. Lakini mtu wa Vigo huko Galicia na mtu wa Aarhus huko Denmaki wakikutana, kila mmoja akasema lugha yake, hawaelewani.

Kwa sisi Waswahili ipi ni nyepesi? (Msomaji, Mombasa)

Kigalicia, bila shaka, na nina sababu. Kwanza, sauti zake tunazo nyingi mdomoni. Herufi *x* kwa kawaida husomwa "sh", *ñ* ni "ny", na *z* sehemu kubwa ya Galicia ni "th" ya thelathini. Wanayo hata "ng'" ya ng'ombe: neno *unha*, yaani "moja" kwa jinsia ya kike, hutamkwa "ung'a". Wageni wengi wa Ulaya huhangaika nalo, wewe utalitamka siku ya kwanza.

Pili, maneno. Wareno walipokuwa pwani yetu walituachia meza, bendera, mvinyo, roda na gereza, na Kireno na Kigalicia vilikuwa lugha moja zamani. Kwa hiyo utakuta *mesa*, *bandeira*, *viño*, *roda* na *igrexa*. Hilo la mwisho ni kanisa, na ndugu yake wa Kireno, *igreja*, ndiye aliyezaa gereza letu.

Tatu, kitenzi hubeba mtendaji ndani yake kama chetu. *Falamos* ni "tunasema", neno moja. Wanaweza hata kusema *para falarmos*, "ili tuseme", kitenzi kikiwa bado na alama ya "sisi", jambo ambalo Kihispania hakina. Na ukiulizwa *Falas galego?*, unasema Kigalicia? jibu la kawaida ni *Falo*, nasema. Hapo utajisikia nyumbani.

Nimejifunza kusoma Kidenmaki, lakini nikisikiliza redio sishiki kitu. Tatizo ni mimi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Si wewe. Sarufi ya Kidenmaki ni nyepesi: *jeg taler, du taler, vi taler*, kitenzi hakibadiliki kwa mtu yeyote. Jinsia ni mbili tu, nasi tuliolelewa na ngeli hatuna cha kuogopa. Kinachohitaji mazoea ni kile kiambishi cha kuonyesha kitu kinachojulikana, ambacho hukaa mwishoni: *hus* ni nyumba, *huset* ni ile nyumba.

Ugumu uko sikioni. Irabu ni nyingi mno, na maandishi yamebaki nyuma ya matamshi. *Hvad*, "nini", huanza na "v", h haisikiki. Katika *gade*, "mtaa", d inakaribia dh ya dhahabu, ila ncha ya ulimi inabaki chini nyuma ya meno, na masikio yetu huisikia kama l. Halafu kuna *stød*, kule kukaba sauti kooni kwa nukta moja. *Hun* bila mkabo ni "yeye" wa kike. *Hund* yenye mkabo ni mbwa, na ile d haitamkwi kabisa. Ushauri wangu ni usisome ukurasa wowote usio na sauti yake. Sikiliza kwanza, rudia, ndipo ufungue maandishi.

Namba za Kidenmaki zikoje? (Msomaji, Bujumbura)

Kuanzia 50 wanahesabu kwa ishirini ishirini. *Tres* ni 60, yaani tatu mara ishirini. Kwa Kigalicia neno hilohilo ni 3 tu, kwa hiyo angalia bei vizuri! *Halvtreds* ni 50, "nusu kufikia ya tatu", yaani mbili na nusu mara ishirini. Zikariri kama zilivyo.

Kigalicia si lahaja tu ya Kireno au Kihispania? (Msomaji, Muscat)

Swali hili linawauma wenyewe, kwa hiyo nalijibu kwa uzito. Lahaja ya Kihispania si kweli kabisa. Kuhusu Kireno, mambo ni mapana zaidi. Katika karne ya 13 vilikuwa lugha moja yenye heshima kubwa, kiasi kwamba Alfonso X, mfalme wa Kastilia, alitungia humo nyimbo zake za kumsifu Bikira Maria. Baadaye watawala waliandika Kihispania, na Kigalicia kikabaki mashambani na kwenye mashua za wavuvi kwa karne kadhaa. Mwaka 1863 mshairi Rosalía de Castro alichapisha *Cantares gallegos*, kitabu cha mashairi ya Kigalicia, na kwa heshima yake hadi leo tarehe 17 Mei ni siku ya fasihi ya Kigalicia. Chini ya Franco, dikteta wa Hispania, kilifukuzwa shuleni na ofisini. Tangu 1981 ni lugha rasmi ya Galicia pamoja na Kihispania.

Wapo Wagalicia wanaotaka kuandika kama Wareno, *nh* badala ya *ñ*. Kidenmaki na Kinorwe nazo zinakaribiana hivyohivyo, hasa katika maandishi, lakini hakuna anayekiita Kinorwe lahaja, kwa sababu Norwe ina dola yake. Mimi nakiita Kigalicia lugha, kwa kuwa wenyewe wanakiita hivyo.

Wadenmaki wanajua Kiingereza na Wagalicia wanajua Kihispania. Kuna haja gani ya kujisumbua? (Msomaji, Nairobi)

Ipo kubwa. Ni kweli watakugeuzia lugha mara tu wakisikia lafudhi yako. Ila Kidenmaki kina dola na kila mtoto anayezaliwa Copenhagen hukua nacho. Kigalicia hakina bahati hiyo: Vigo na A Coruña watoto wengi hukua na Kihispania tu, na mgeni anayekisema dukani anakiongezea msemaji. Kwa hiyo wakikugeuzia, usikubali haraka. Copenhagen sema *Kan vi tale dansk?*, tunaweza kusema Kidenmaki? Galicia sema *Prefiro falar en galego*, napendelea kusema Kigalicia, kisha endelea polepole.