Nimefuta faili la tunda langu, mbona Norn bado wanashinda na njaa?

Swali: Natengeneza vitu vya kuongeza kwenye Creatures 3, gemu la kompyuta la kulea viumbe waitwao Norn. Nilichukua skripti (maagizo yanayoendesha kitu) ya tunda mojawapo la gemu lenyewe, nikabadilisha picha, nikalipa faili jina jipya, na kwenye sehemu ya kuliwa nikaondoa mistari iliyokuwepo nikaweka glukosi nyingi ili Norn wapate nguvu haraka. Mwanzoni nilifurahi. Sasa hata matunda ya zamani ya gemu yanafanya kama langu, Norn wanakula mchana kutwa na njaa haiwatoki, na watoto wanaozaliwa hawajifunzi kula. Nimefuta faili langu kwenye folda ya My Agents lakini hali ni ile ile. Kuna mtu amenitumia programu ya kusafisha dunia nzima kwa kubonyeza mara moja. Niitumie?

Jibu: Usiitumie. Funga gemu, nenda kwenye folda ya My Worlds, nakili folda nzima ya dunia yako na uiweke mahali pengine. Ukishafanya hivyo, rudi tuendelee, maana kila hatua ninayokuelekeza hapa chini inaweza kuharibika mkononi mwako, na bila nakala hutakuwa na pa kurudia.

Swali hili hunijia mara kwa mara. Leo ni tunda, jana ilikuwa mpira, juzi ilikuwa chupa ya dawa. Kosa ni lile lile: mtu anaamini kwamba kitu ni picha yake na jina la faili lake, kwa hiyo akibadilisha hivyo viwili anadhani amepata kitu kipya. Hajapata. Amekiandika upya kitu cha zamani.

Ndani ya Creatures 3 kila kitu hutambulika kwa namba tatu: familia, jenasi na spishi. Matunda yako chini ya 2 8, mbegu 2 3, vyakula vingine 2 11, vitu vya kuchezea 2 21, na namba ya tatu ndiyo inayotofautisha tunda hili na lile. Jina la faili lina kazi wakati wa kuliingiza tu. Kitu kikishaingia duniani, gemu halina haja tena na faili ulilolitoa.

Skripti nazo hazikai ndani ya tunda, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Zinakaa kwenye ghala moja la dunia nzima, zimepangwa kwa zile namba tatu pamoja na namba ya tukio. Tukio la 12 ni kuliwa, la 9 ni saa ya ndani ya kitu, la 4 ni kuokotwa. Norn akila tunda, gemu huchukua namba za tunda hilo, huenda ghalani, husoma skripti iliyoandikwa kwa namba hizo na tukio la 12, kisha huitekeleza. Wewe uliingiza skripti mpya kwa namba zile zile za tunda la gemu. Ghala halikukuuliza kitu. Liliitoa ya zamani likaweka yako, na kuanzia hapo kila tunda lenye namba hizo, lililoko mtini na lililoanguka, linasoma maneno yako. Ghala huhifadhiwa pamoja na dunia. Ndiyo maana kufuta faili hakukusaidia.

Kuna ndugu wa kosa hili ambaye ni mbaya zaidi: kuandika spishi 0 kwa kudhani 0 maana yake "bado sijachagua". Gemu likikosa skripti ya spishi husika, hurudi kwenye skripti ya spishi 0 ya jenasi hiyo. Kwa hiyo anayeandika `scrp 2 8 0 12` (`scrp` ni amri inayoanzisha skripti) ameandikia kila tunda lisilo na skripti yake ya kuliwa, yakiwemo ya watengenezaji wengine ambao hajawahi hata kuwasikia.

Njaa isiyoisha ni jambo la pili, nalo linaniuma zaidi, kwa sababu hapa anayeumia ni kiumbe. Norn hana tumbo moja. Ana njaa ya wanga, njaa ya protini na njaa ya mafuta, kila moja na kemikali zake. Ulipomwaga glukosi kwa amri ya `chem` ulimpa nguvu za papo hapo. Njaa ya protini na njaa ya mafuta hukuzigusa. Anahisi njaa kweli, anakula kweli, na alichokula hakimjibu.

Kosa kubwa kuliko hilo ni kuondoa `stim writ`. Mistari ile uliyoifuta ilikuwa inamwambia Norn: umekula tunda, na kilichokulisha ni hiki hapa. Jenomu yake, yaani jeni zake zote, ndiyo huamua kichocheo hicho kimwagie kemikali gani, na ubongo wake hupata nafasi ya kuunganisha tendo, kitu na nafuu iliyofuata. Hivyo ndivyo anavyojifunza. `chem` hubadilisha damu bila kumfundisha lolote. Hata `stim writ` yenyewe ukiiweka kwenye skripti ya kuingizia, ile inayotekelezwa kitu kinapoingizwa duniani, badala ya tukio la kuliwa, kichocheo hufika kikiwa hakina mtumaji, na Norn huitikia bila kujifunza. Watoto wako si wazito wa akili. Wanakula kitu ambacho hakiwaambii kwamba wamekula.

Na picha? Norn haioni. Ubongo wa Norn wa Creatures 3 hugawa vitu vyote katika makundi 40, na kinachomwonyesha kundi ni jenasi uliyoandika. Chora tunda zuri upendavyo. Ukiliandika 2 21, kwake ni kitu cha kuchezea. Pia anayoyapata kwa kitu kimoja huyabeba kwa kundi zima: toy moja inayomuumiza itamfanya aogope toys zote, na tunda lisiloshibisha linaweza kumfanya ayapuuze matunda yote. Steve Grand, aliyebuni Creatures, na wenzake tangu Creatures ya kwanza, mwaka 1996, walijenga viumbe wanaojifunza kutokana na matokeo. Ukiwadanganya kwenye matokeo, umevunja kitu chenyewe kinachofanya gemu hili liwe na maana.

Sasa tulitibu. Kama una nakala ya dunia ya kabla ya kuingiza tunda, rudi kwayo, kazi imekwisha. Kama huna, nenda kwenye folda ya Bootstrap ya gemu, tafuta faili la `.cos` lenye tunda uliloliiga, na unakili vipande vinavyoanza na `scrp` na kuishia na `endm` tu, vile vyenye namba za tunda lako. Usiingize faili zima: sehemu yake ya juu huunda vitu, na utajikuta na mimea ya ziada juu ya matatizo uliyonayo. Ingiza vipande hivyo kwa kifaa chako cha CAOS, lugha ya skripti za gemu hili. Vitaifunika skripti yako kama yako ilivyofunika ya gemu, na matunda yote ya zamani yatatulia mara moja, kwa sababu hayakuwahi kubeba skripti ndani.

Kama uliongeza tukio ambalo tunda la asili halikuwa nalo, tuseme la 9, hilo halitafunikwa na kitu. Liondoe kwa `scrx`, amri ya kufuta skripti ghalani, ukitaja namba tatu na tukio. Halafu yatabaki yale matunda yako yenyewe. Yana namba sawa na ya gemu, kwa hiyo huwezi kuyafuta kwa namba bila kufuta yote. Yatambue kwa picha, uyaondoe moja moja. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna njia ya mkato ninayoweza kukupa kwa dhamiri safi.

Wala usithubutu kubonyeza kitufe cha kuondoa kitu kwenye kiingizaji cha gemu kabla hujasoma ulichoandika baada ya `rscr`, sehemu ya skripti inayotekelezwa kitu kinapoondolewa. Karibu kila mwigaji huacha pale amri ya kuua kila kitu chenye namba husika na kufuta skripti zake. Kwa namba ulizonazo sasa, kitufe hicho kitafagia matunda ya asili ya dunia nzima pamoja na skripti zake, na mimea itakayozaa baadaye itazaa matunda yasiyojua kuliwa.

Hapo tunafika kwenye hiyo programu ya kusafisha. Nimezifungua programu za namna hiyo zaidi ya moja nikasoma kilichomo. Moja ilikuwa na amri fupi tu ya kupitia kila kitu cha familia ya 2 na kukiua. Familia ya 2 ni vitu vyote sahili: mimea, mbegu, wadudu, vyakula, karibu kila kilicho hai kwenye dunia yako zaidi ya Norn wenyewe. Na ghala la skripti haikuligusa hata kidogo. Yaani mtu anapoteza bustani yake yote na ugonjwa unabaki pale pale. Aliyeisambaza aliiita tiba. Ukimuuliza inafanya nini, anakujibu kwamba kwake ilifanya kazi.

Hasira yangu ni hiyo hiyo kwa programu zinazoahidi kukutengenezea kitu kwa dakika tano: unachagua picha, unaandika jina, unabonyeza. Kifaa cha kurahisisha kazi si kibaya. Kibaya ni kile kisichokuuliza namba, kwa sababu kisipokuuliza, kimekupa ya mtu mwingine au kinampa kila mtumiaji ile ile. Watu kumi wakitengeneza vitu kumi kwa kifaa hicho, wanaovipakua wote kwenye dunia moja wanapata kitu kimoja chenye sura kumi, na cha mwisho kuingizwa ndicho kinachotawala tabia ya vyote. Kisha lawama inakwenda kwa gemu, eti ni la zamani, eti limechoka. Gemu linafanya sawasawa ulichoandika.

Vyakula vya miujiza navyo, vile vinavyoshusha kila njaa, kuponya kila sumu na kuondoa kila maumivu kwa mng'ato mmoja: ukiwalisha Norn hivyo kwa vizazi kadhaa, wenye jeni mbovu wanaishi na kuzaa sawa na wenye jeni njema, na siku ukiviondoa unagundua umefuga ukoo usioweza kujitunza. Mwenye kutaka kusaidia Norn mgonjwa amtengenezee dawa ya kile kinachomuumiza, basi.

Kwa tunda lako jipya, chagua spishi ambayo haijachukuliwa. Namba zinafika 65535, nafasi ipo tele, na watengenezaji wana utaratibu wa kujiandikishia masafa yao ya namba. Jiandikishe, kisha baki ndani ya masafa yako. Badilisha namba kila mahali, si kwenye mstari wa kuunda tu: kila `scrp`, kila `enum` (amri ya kupitia vitu vyote vyenye namba fulani), na sehemu ya `rscr`. Picha nayo ipe jina lisilofanana na la faili lolote kwenye folda ya Images. Weka `bhvr 48`, amri inayosema kiumbe anaweza kukifanyia nini kitu, yaani 16 ya kuliwa na 32 ya kuokotwa, la sivyo Norn hataweza kulitia mdomoni hata akilitaka. Rudisha mistari ya `stim writ` kama ilivyokuwa, ndani ya tukio la 12. Kwenye picha za C16, aina ya faili za picha za gemu hili, nyeusi kamili huonekana kama tundu, kwa hiyo mzingo wa tunda uuchore kwa nyeusi iliyopauka kidogo.

Lijaribu kwenye dunia mpya kabisa, si hii yenye ukoo wako. Weka Norn mmoja mwenye njaa na tunda lako moja, fungua chati ya kemikali zake, na uangalie njaa zote tatu kabla na baada ya kula. Kisha angua au tafuta tunda la asili la gemu, mpe naye ale, na uhakikishe bado linafanya kazi kama lilivyokuwa awali.